Mgongo wa Mama Winchi na Paipu Moja ya Hewa

Wasomaji wangu mna tabia moja inaniudhi sana. Mnaniandikia, "Tuandikie watu wa kawaida, mastaa tumewachoka." Haya, nikiandika, swali la kwanza ni "mwisho alitoka kimaisha?" Kama hakutoka, mnasema stori haina mafunzo. Na nikitaja bolti tu mnaruka aya, mnatafuta penye machozi. Leo ukiruka aya utapotea, na shauri yako. Machozi ya stori hii yako ndani ya vyuma, huwezi kuyafikia bila kuvipitia.

Mama mwenyewe anaitwa Mama Winchi. Jina la kwenye kitambulisho analo, halipendi. Ana miaka hamsini na mbili, na kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi moja: kuvuta magari mabovu. Lile gari lenye mkono wa chuma na ndoano nyuma, wengi mnaliita brekidauni. Gari lako likizima katikati ya barabara, likiingia mtaroni, likikunjana na lori, anayekuja ni yeye. Wewe bado unatafuta pa kusimama usichafue viatu, yeye ameshalala chali kwenye matope anafunga mnyororo.

Gari lilikuwa la mume wake. Mume aliondoka kwa ugonjwa wa figo, akamwachia binti wa miaka tisa, gari, na shemeji. Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu, mchomeleaji wa vyuma, mtaa mzima unamwita Cheche. Kulikuwa na yadi moja ya kurithi, na ndugu walishakaa mkao wa kuangalia ugomvi. Ugomvi haukuja. Hawa wawili walichukua kamba, wakapima yadi, wakaikata katikati. Nusu ya kuegesha gari, nusu ya kuchomelea. Tangu siku hiyo kila kitu pale ni nusu kwa nusu. Umeme, maji, zamu ya kufagia choo. Hata mkate wa chai wanaupimia futi ya chuma. Nilidhani ni utani mpaka nilipoona.

"Shem, cha kwako kimezidi," Mama Winchi alisema siku ile.

"Futi haina undugu, shemeji. Angalia mwenyewe."

"Futi haina undugu ila aliyeishika ana njaa."

Hayo ndiyo maisha yao. Sasa twende kwenye mgongo.

Gari la kuvuta limejengwa libebe uzito nyuma. Springi zake ni mabapa mazito ya chuma yamelaliana, kumi na mawili kila upande. Likibeba mzigo, mabapa yanalegea kidogo, gari linatulia. Likiwa tupu, halina springi, lina ukuta. Kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kutoka kwenye tairi hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye uti wa mgongo wa mwenye kiti. Na gari la kuvuta linatembea tupu nusu ya maisha yake, maana linaenda tupu ndipo lirudi na kitu. Piga hesabu hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Ilianza kama maumivu ya kiuno, akayafunga kwa khanga. Halafu vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Mwaka uliofuata ganzi ikafika kifundoni. Daktari akamwonyesha picha, pingili tatu za chini zimekaliana kama vikombe vibovu. Akamwambia neno moja, na hakulizungusha: "Ganzi hii ikivuka goti, hutaendesha tena."

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Binti yake alikuwa ameshakuwa mtu mzima wa miaka ishirini na nane, karani kwenye ghala la saruji. Akasema gari liuzwe.

"Mama, umeshafanya vya kutosha. Kaa nyumbani."

"Nikae nyumbani nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nimeshawahi kupumzika mimi? Naanzia wapi?"

Binti akamgeukia Cheche amsaidie. Cheche akatazama dari. Yeye alikuwa anamjua shemeji yake. Yule mama akikaa nyumbani siku tatu anaanza kupanga upya sufuria za jirani.

Kukawa na njia mbili tu. Mama Winchi aache gari, au gari liache kumpiga. Akachagua ya pili.

Mnajiuliza alijifunza wapi mambo ya springi. Fikirieni. Huyu ni mtu ambaye kila gari la mji huu ameshaliona tumbo. Mabasi makubwa ya safari, yale yanayotembea kama yameteleza juu ya siagi, hayana mabapa. Yana mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Yakiharibika, anayeingia chini yake ni yeye. Akaanza kukaa huko chini zaidi ya ilivyohitajika. Mwenye basi anahangaika, "Mama, vipi, umelala?" Yeye anahesabu vyuma. Anapima kwa shibiri. Akitoka, anaandika kwenye mkono kwa kalamu kabla hajasahau.

Alichokielewa ni hiki, na hapa ndipo msiruke. Mabapa yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Yanabeba uzito, na yanaishikilia ekseli, ule mtaimbo unaobeba magurudumu ya nyuma, mahali pake. Ukiyatoa ukaweka mifuko ya hewa, mifuko itabeba uzito vizuri sana, lakini haijui kushika. Ekseli inaweza kurudi nyuma, kwenda pembeni, hata kujizungusha. Kwa hiyo unahitaji mikono ya chuma ya kuishika. Miwili ya chini, mirefu, imenyooka kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chasisi mbele. Miwili ya juu inakuja kama herufi V, inakutana juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hiyo ndiyo inayokataza ekseli kucheza pembeni. Mikono minne, mifuko miwili. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukariri. Kuitengeneza ndiyo shughuli.

Walichora sakafuni. Hawakuwa na karatasi ya kutosha wala mtu wa kuwachorea, na Cheche haamini mchoro mdogo. Anasema mchoro mdogo unaficha dhambi. Kwa hiyo waliosha zege la yadi, pale pale kwenye mpaka wa nusu na nusu, wakachora gari kwa ukubwa wake halisi, chaki kwa chaki. Mama Winchi alichora kwa buluu, Cheche kwa nyeupe, ili ijulikane nani kasema nini. Mchoro ule ulikaa miezi saba kabla chuma hakijakatwa, na baadaye ukaachwa pale pale. Watu waliuzunguka kama kaburi. Mvua ikinyesha wanaufunika kwa turubai, asubuhi wanaufufua.

Miezi saba ya kubishana. Cheche alitaka mikono ya juu inyooke, ni rahisi kuchomelea.

"Ikinyooka, nani atashika ekseli pembeni?" Mama Winchi akauliza.

"Zile bushi za kwenye maungio zitashika."

"Bushi za mpira? Shem, kama mpira ungeweza kushika mume, ningeolewa tena."

Cheche akakata maboksi, akayaunganisha kwa misumari, akatengeneza kigari cha karatasi ngumu. Akakisukuma pembeni, kikalala kama mlevi. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye mchoro, akafuta mikono yake ya chaki nyeupe kwa kisigino, akachora V.

"Ongea basi," shemeji yake akamchokoza.

"Nikiongea utafurahi."

Walipima kila kitu. Gari likiwa tupu, gari likiwa na mzigo, mkono wa kunyanyulia ukiwa juu, ukiwa chini. Walipanga vizuizi vya mpira mgumu, ili mfuko ukipasuka chasisi isikalie tairi. Walihamisha bomba la moshi lisiunguze mifuko. Sisemi haya kuwasifia. Nasema mjue hawakuwa wazembe.

Madereva wenzake wa magari ya kuvuta wakaanza kuja kuona. Wengine walicheka, wengine walipiga picha na simu. Mama Winchi hakukataza mtu. Kila mmoja wao ana kiuno.

Ikabaki hewa. Hewa ilitoka kwenye tangi la breki, ikapita kwenye vali. Kutoka hapo Cheche akasimama na chaki yake.

"Kila mfuko na paipu yake, au?"

Mama Winchi akafikiria. "Ukiweka paipu mbili, siku moja mfuko mmoja utajaa kuliko mwenzake. Gari litasimama upande kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Weka paipu moja, ifike katikati igawanyike. Wapate sawa."

"Nusu kwa nusu."

"Kwani hapa tunajua kugawa vipi kwingine?"

Wakacheka wote wawili. Mama Winchi akainama, akachora paipu moja kwa chaki ya buluu, ikaja hadi katikati ya ekseli, ikagawanyika kulia na kushoto. Madereva waliokuja baada ya hapo walipiga picha na hiyo paipu ikiwemo.

Kosa ni hilo. Silifichi nije niwashtue nalo baadaye, nalisema sasa hivi. Hewa siyo mkate. Mkate ukishaukata, kila nusu inakaa kwenye sahani yake. Hewa inakimbia inapobanwa. Gari likiingia kwenye kona, linaegemea upande wa nje, na mfuko wa upande huo unabanwa. Kama una paipu yake peke yake, hewa haina pa kwenda, inabaki ndani inasukuma, gari linashikika. Kama paipu ni moja kwa wote, hewa inatoka kwenye mfuko uliobanwa inahamia kwa mwenzake ambaye hana kazi. Upande unaozama unazidi kuzama. Upande unaoinuka unazidi kuinuliwa. Gari linasaidia kujiangusha. Aliyesomea kazi hiyo angeliona kosa kabla chai haijapoa. Hawa hawakusomea, na nyumba yao ilikuwa imewafundisha kwamba kugawana sawa hakujawahi kumuumiza mtu.

Walijenga kwa wiki tano. Siku ya kulijaribu, Mama Winchi alipanda, akawasha, akazunguka mtaa mara tatu. Aliporudi hakushuka. Cheche akaenda dirishani.

"Vipi? Linagonga?"

"Nimepita pale kwenye matuta ya shule."

"Enhe?"

"Sikuyasikia." Akafuta uso kwa kiganja. "Shem, umenijengea godoro."

Siku kumi na moja aliendesha hivyo. Binti yake anasema ndani ya siku hizo alimsikia mama yake akiimba jikoni, kitu ambacho alikuwa amekisahau. Ganzi haikupanda. Wala haikushuka, ila haikupanda, na hilo ndilo alilokuwa akiliomba. Mizigo ya siku zile ilikuwa midogo, njia zilikuwa zimenyooka. Hakuna kona kali iliyouliza swali.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alivuta basi dogo lililovunja gia. Halikuwa na abiria. Njia inapita kwenye kiwanda cha matofali, inashuka, halafu inakunja kulia ghafla. Aliingia kwenye kona kwa mwendo wake wa kila siku. Gari likaegemea kushoto. Hilo ni la kawaida, gari lolote linaegemea kidogo kisha linakoma. Alisubiri likome.

Halikukoma.

Anasema alisikia sauti ya hewa chini yake, ndefu, kama mtu anashusha pumzi. Kwenye kioo cha kulia akaliona tairi la nyuma limeachana na lami. Akafanya jambo pekee lililobaki: akaupeleka usukani kule kule gari lilikokuwa likiangukia, kushoto, mtaroni. Gari likarudi likakaa kwenye magurudumu yote kwa kishindo, tairi la nyuma la kushoto likaugonga ukingo wa kalavati, na mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kitu cha kupokea pigo. Lilipita lote kwenye kiti.

Cheche alifika kwa pikipiki ya kukodi. Yeye hajui kuendesha chochote, anachomelea magari miaka ishirini na mitano na hajawahi kushika usukani. Alikimbia hatua za mwisho.

"Shemeji! Shemeji, uko hai?"

"Maiti inakaa wima hivi? Zima betri kwanza. Halafu weka jiwe kwenye tairi la basi."

Akazima. Akaweka jiwe. Akarudi dirishani amenyoosha mikono. "Toka nikushike."

"Usinishike. Mguu wa kushoto haupo."

Cheche akachungulia chini ya usukani. "Upo, shemeji. Nauona."

"Wewe unauona. Mimi siusikii."

Hospitali walimpasua siku iliyofuata. Waliokoa mguu wa kulia, walimwokoa asilale kitandani maisha yake yote. Daktari alianza kueleza kwa maneno marefu, mama akamkatisha.

"Klachi?"

Daktari akavua miwani. "Klachi hapana."

Mama Winchi akageuza uso akatazama ukutani mpaka jioni. Binti alikaa naye.

Huku nyuma, gari lilipokwisha kurudishwa yadi, Cheche alifanya jambo. Alilisukuma gari kwa bega upande mmoja, kulia, kushoto, akasikia hewa ikihama chini, shiiii, shiiii. Akaelewa. Akakaa juu ya ndoo akaelewa vizuri zaidi. Kisha akainuka, akachukua kitambaa chenye maji, akafuta paipu ya buluu kwenye sakafu. Akachukua grenda, akaenda kwenye mkono wa chini wa kushoto, akachana weldi yake mwenyewe, mshono alioufunga kwa moto, mpaka ikaonekana kama imepasuka.

Watu walipokuja kuuliza, aliwaonyesha. "Weldi yangu iliachia. Ni mimi."

Mjue mchomeleaji anaposema weldi yangu iliachia amesema nini. Ni sawa na mpishi kutangaza kwamba amewalisha watu sumu. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna weldi ya Cheche iliyowahi kuachia. Wateja wawili walikuja kuchukua mageti yao siku hiyo hiyo, hata hayajapakwa rangi. Mmoja alimwambia mbele ya watu, "Umemlemaza mke wa kaka yako." Cheche akaitikia, "Ndiyo."

Wiki mbili baadaye Mama Winchi akaomba mchoro. Alitaka kujua weldi gani ya Cheche imeachia, maana haikumwingia akilini. Binti akaenda yadi, akapiga picha sakafu nzima, akampelekea wodini. Mama akaikuza picha kwa vidole. Akaenda kwenye mikono minne, akaenda kwenye mifuko, akaenda kwenye vali. Akasimama hapo. Kutoka kwenye vali hadi kwenye ekseli hapakuwa na kitu. Palikuwa na zege safi.

"Mwite baba yako mdogo," akasema.

Cheche akaja, amevaa shati la kutokea, amekaa ncha ya kiti. Binti alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia.

"Shem, chaki ya buluu imeisha dukani?"

Cheche akanyoosha kola ya shati.

"Nakuuliza. Paipu yangu iko wapi?"

"Shemeji, wewe pona kwanza."

"Nimeshapona kilichokuwa cha kupona. Nani kafuta?"

Cheche akatazama sakafu. "Mimi ndiye niliyekata paipu. Mimi ndiye niliyefunga. Mikono ni yangu."

"Na kichwa ni cha nani?"

"Wewe umeshapoteza mguu!" akasema kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka. Akaishusha. "Umepoteza mguu. Unataka na watu waseme umejivunja mwenyewe? Watakucheka mpaka uzeeni. Niache nichekwe mimi."

"Kwa hiyo ukachana weldi nzima."

"Ndiyo."

"Yako."

"Ndiyo, shemeji."

Binti anasema mama yake alimwangalia yule mwanaume muda mrefu sana, na hakuwa na hasira hata chembe. Halafu akauliza kitu ambacho Cheche hakuwa amekifikiria.

"Wangapi walipiga picha ule mchoro?"

Cheche akaanza kuwahesabu kwa vidole.

"Walipiga picha paipu ikiwepo," Mama Winchi akasema. "Wewe umewaambia ni weldi. Watakwenda kwa fundi mwingine watamwambia, chomelea vizuri, halafu weka paipu moja kama ya Mama Winchi. Shem, umenifunika mimi, umewaacha wao uchi."

Cheche akajifunika uso kwa mikono. Yule mama akanyoosha mkono akamgusa kichwani, kidogo tu, kama anavyopangusa vumbi kwenye boneti.

"Haya, inuka. Nipe simu."

Madereva wa magari ya kuvuta wana makundi yao kwenye simu. Akatuma sauti, dakika tatu. Nimeisikiliza mara nyingi. Hasemi habari ya mguu. Anasema: mimi ndiye niliyechora paipu moja, haikuwa weldi, weldi za Cheche zote ziko imara, kosa ni la kwangu na ni hili, na anaeleza hewa inavyohama, taratibu, mara mbili. Mwisho anasema kila mfuko upewe paipu yake, vali yake na geji yake ya kupimia hewa.

Majibu mnayajua, maana waandishi wake ni nyinyi. "Mwanamke na springi wapi na wapi." "Si tulisema." Mmoja aliweka vicheko nusu ukurasa. Mama Winchi akamjibu kwa sauti: "Nicheke, baba, ruksa. Ukimaliza, ingia chini ya gari lako uangalie."

Wanne walijibu vizuri. Wawili walikuwa bado wanapanga, wakabadilisha. Mmoja alikuwa ameshafunga, akaikata paipu jioni ile ile na kutuma picha. Wa nne alikuwa amemchorea shemeji yake aliye mji mwingine, akampigia.

Gari lenyewe limerudi barabarani. Cheche alilifungia paipu mbili, akachomelea upya ule mkono alioujeruhi, na geti la kwanza la mteja mpya limetoka wiki iliyopita. Binti aliacha ghala, anaendesha yeye. Mama yake anakaa kiti cha abiria na mto mgongoni, fimbo kati ya magoti, anamwambia mnyororo upite wapi. Nilipanda nao siku moja. Tulipofika ile kona ya kiwanda cha matofali binti akapunguza mwendo sana kuliko ilivyohitajika. Gari likaegemea kidogo, likakoma. Niliuona mguu wa kulia wa mama unakanyaga sakafu, pale ambapo upande wa pili pangekuwa na breki. Wa kushoto ulikuwa umekaa tu.

Nilimuuliza kama anajuta. Akaniambia, "Najuta paipu. Gari sijuti." Akafungua dirisha.

Yuko wa tano, na huyo ndiye aliyenifanya niandike. Siku chache kabla ya ajali, mtu asiyejulikana na yeyote aliingia kwenye kundi moja, akaweka picha ya chini ya gari lake na maneno matatu: "Nimefunga, liko poa." Ni mikono minne kama ya kwenye mchoro, mifuko miwili mipya, na paipu moja nyeusi inakuja katikati ya ekseli inagawanyika. Kwenye picha kinaonekana kipande cha tairi na ubavu wa gari uliopakwa rangi ya kijani, na chini yake rangi ya zamani, nyekundu, inachungulia. Alitoka kwenye kundi kabla ya sauti ya Mama Winchi kutumwa. Namba yake haipatikani. Binti anaipiga kila asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Kwa hiyo sitaki maoni yenu leo, wala msiniambie mmelia. Nataka kitu kimoja. Kama unamjua mtu mwenye gari la kuvuta la kijani lililokuwa jekundu, mpigie sasa hivi, au mfuate alipo. Mwambie asiingie kona na mzigo. Mwambie aikate ile paipu, afunge mbili.